Kitabu Kisichosomwa kwa Sauti: Neno na Deni katika Filamu za Sam Raimi

Azma ya makala haya ni kuifuatilia safari ya kisanaa ya Sam Raimi, mwelekezi wa filamu wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1959 huko Royal Oak katika jimbo la Michigan, na kuonyesha kwamba filamu zake za kutisha na filamu zake za majagina zimejengwa juu ya kiini kimoja. Kiini hicho ni neno linalotamkwa na deni linaloachwa na neno hilo. Ninaandika kama mwalimu wa fasihi simulizi. Sinema si uwanja wangu, na msomaji ataona kwamba zana ninazozitumia nimezileta kutoka nyumbani: apizo, kiapo, ngano, fanani na hadhira. Sababu zangu za kuvuka mpaka ni mbili. Ya kwanza ni ya kitaaluma. Wanafunzi wetu wa uzamili wanazidi kutuletea mapendekezo ya tasnifu kuhusu filamu za namna hii, nasi aghalabu huyapokea kwa kusitasita, tukiuliza iwapo hiyo nayo ni fasihi. Ya pili ni ya kibinafsi, nami nitaieleza mahali pake.

Tuanze na kitabu. Filamu ya kwanza ya Raimi kupata umaarufu, The Evil Dead, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Detroit mnamo Oktoba 1981. Wanafunzi watano wa Chuo Kikuu cha Michigan State wanakwenda kupumzika katika kibanda kilichojitenga msituni, Tennessee. Katika chumba cha chini ya sakafu wanakuta jambia, kitabu cha kale kilichojalidiwa kwa ngozi ya binadamu, na kinasasauti. Aliyewatangulia humo alikuwa mtafiti wa mambo ya kale. Yeye ndiye aliyekifasiri kitabu na kuyasoma kwa sauti maneno ya kuwaamsha pepo, huku mashine ikiyanasa. Vijana wanabonyeza kitufe tu. Sauti ya msomi inasikika, ardhi inatikisika, na kabla ya usiku kwisha karibu wote wameangamia.

Sisi tunaopata riziki yetu kwa kusoma maandishi mbele ya vijana tuna kila sababu ya kukitazama kibanda kile kwa makini. Mtafiti alikuwa na maarifa ya kukisoma kitabu. Hakuwa na uwezo wa kuyazuia yaliyotoka ndani yake. Waliolipa gharama ni wanafunzi, ambao hawakuijua lugha ya kitabu wala hawakuwa na nia yoyote kwacho. Wahakiki wengi wameizungumzia filamu hii kwa kuhesabu matone ya damu. Mimi naiona kuwa ni kisa cha usomaji usio na uwajibikaji.

Katika uainishaji wetu wa fasihi simulizi, maapizo na viapo ni vipera vinavyosimama peke yavyo kwa sababu ndani yake kusema na kutenda ni jambo moja. Mzee aapizaye haelezi jambo litakalotokea. Analitenda kwa kulitamka. Hata hivyo, jamii nyingi za Kenya huliwekea apizo masharti. Anayelitoa sharti awe na haki ya kulitoa, na anayetolewa awe amekosa. Apizo lisilo na sababu huaminiwa kuwa halishiki, au humrudia mwenyewe. Kwa kipimo hiki, ulimwengu wa The Evil Dead ni ulimwengu uliovunjika. Humo neno linapiga bila kuuliza kosa. Hoja yangu ni kwamba katika miaka arubaini iliyofuata Raimi alizidi kulifungamanisha neno na kosa, hatua kwa hatua, hata akafika mahali ambapo msomaji wa kitabu anajua vyema anachokifanya.

Si vibaya kueleza jinsi kazi ile ya kwanza ilivyotengenezwa, kwa maana umaskini wake ndio uliozaa mtindo. Raimi na rafiki zake, Robert Tapert na mwigizaji Bruce Campbell, walikuwa wametengeneza filamu fupi nyingi kwa kamera ndogo za nyumbani. Mwaka 1978 walipiga filamu fupi, Within the Woods, wakaitembeza kwa madaktari wa meno, wanasheria na wafanyabiashara kama sampuli ya kuombea mtaji. Walichangisha kidogo kidogo, na gharama ya mwisho hukadiriwa kuwa takriban dola 375,000. Waliingia msituni katika majira ya baridi ya mwaka 1979 kuelekea 1980, Raimi akiwa na umri wa miaka ishirini. Kwa kuwa hawakuwa na vyombo vya kuisogezea kamera, waliifunga kwenye ubao, watu wawili wakaushika huku na huku, wakakimbia nao katikati ya miti.

Picha iliyotokana na mbio hizo ndiyo alama ya Raimi hadi leo. Pepo hana umbo. Tunachokiona ni mwendo wake tu, chini chini juu ya majani, kuelekea mlangoni. Kwa lugha ya naratolojia, mtazamaji ameazimwa macho ya mwovu. Hatumtazami pepo akiwajia watu. Sisi ndio tunaowajia. Fanani hodari wa ngano hufanya jambo linalokaribiana na hilo anapoigiza sauti ya zimwi huku akiisogelea hadhira. Watoto hucheka na kurudi nyuma kwa wakati mmoja.

Filamu hiyo ilionyeshwa Cannes mwaka 1982 nje ya mashindano, na Stephen King aliyeitazama huko akaisifu hadharani. Sifa hizo ziliifungulia milango. Nchini Uingereza iliingia katika mzozo mkubwa kuhusu kanda za video zilizodaiwa kuharibu maadili, na katika nchi kadhaa ilipigwa marufuku. Siwezi kuitetea filamu hii kwa kila jambo. Kuna onyesho ambamo mwanamke anashambuliwa na kudhalilishwa na miti, na hakuna nadharia inayoweza kulifanya onyesho hilo liwe na maana inayolingana na ukatili wake. Mhakiki anayemheshimu msanii hana budi kulitaja jambo kama hilo wazi, kisha aendelee na kazi.

Mwaka 1987 Raimi alikirudia kibanda kile katika Evil Dead II, iliyofadhiliwa na kampuni ya Dino De Laurentiis. Niliitazama filamu hii nikiwa mwanafunzi, katika chumba cha video kilichojaa watu walioketi juu ya mabenchi, jenereta ikinguruma nje. Ninalolikumbuka zaidi ni sauti ya hadhira. Mkono wa mhusika mkuu, Ash, unaingiwa na pepo na kuanza kumpiga bwana wake kwa sahani. Watu walipiga mayowe, kisha mayowe yakageuka kicheko, kisha kicheko kikakatika ghafla pale Ash alipouchukua msumeno wa injini na kuukata mkono wake mwenyewe. Anaufunika kwa ndoo, na ili usitoroke anaweka vitabu juu ya ndoo. Kilicho juu kabisa ni A Farewell to Arms, riwaya ya Hemingway ya mwaka 1929. Neno la mwisho katika anwani hiyo kwa Kiingereza lina maana mbili: silaha na mikono. Katika chumba kile hakuna aliyelicheka fumbo hilo. Nililifahamu miaka mingi baadaye, nilipoitazama filamu hiyo tena nikiwa mwalimu. Kitabu cha kwanza kiliufungulia uovu mlango. Kitabu cha pili kinatumiwa kama jiwe la kuuzuia. Raimi aliweka mzaha huo pale bila kumlazimisha mtu kuuona.

Mkono ule unastahili kuangaliwa zaidi. Ni kiungo cha mtu kilichoacha kumtii mwenyewe, kikawa na nguvu asizozitaka. Mwaka 1990, Raimi alipotengeneza Darkman, wazo hilo lilimwenea jagina mzima. Alikuwa ametamani kuongoza filamu ya The Shadow, jagina wa zamani wa redio na majarida ya Marekani, lakini hakupata haki za kufanya hivyo. Akabuni wake. Peyton Westlake, aliyeigizwa na Liam Neeson, ni mwanasayansi aliyechomwa moto na majambazi. Anajitengenezea ngozi ya bandia ambayo huyeyuka baada ya dakika 99 kwenye mwanga. Anaweza kuuvaa uso wa mtu yeyote, ila uso wake mwenyewe haumkai. Huyu ni jagina aliyeumbwa kwa zana za filamu za kutisha, na katika kazi ya Raimi yeye ndiye daraja baina ya pande mbili. Tunapoiona Darkman tunafahamu kwamba zimwi na jagina wana asili moja: wote wawili wamefanywa kitu ambacho hawakukichagua. Wanatofautiana katika jinsi wanavyolikabili deni.

Army of Darkness ya mwaka 1992 inalirudia suala la usomaji kwa namna ya kuchekesha ambayo walimu wa fasihi simulizi wataipenda. Ash ametupwa katika zama za kale na anahitaji kitabu kilekile ili arudi kwao. Ameambiwa kwamba kabla ya kukichukua ni lazima ayatamke maneno matatu. Anajigamba kwamba anayajua. Anapofika mbele ya kitabu anayakumbuka mawili. La tatu linampotea, naye analimung'unya na kulizamisha katika kikohozi. Matokeo yake ni jeshi zima la wafu kufufuka. Wanafunzi huniuliza kwa nini katika utendaji wa matambiko kosa dogo la maneno huhesabiwa kuwa kosa kubwa. Nimekuwa nikiwaelekeza kwenye onyesho hili. Hapa tayari kuna mabadiliko: wale vijana watano hawakuwa na kosa, lakini Ash ana kosa la uzembe na majivuno. Neno limeanza kumdai msemaji.

Baada ya hapo Raimi aliziacha filamu za pepo kwa muda, na kazi iliyo bora zaidi katika kipindi hicho, kwa maoni yangu, ni A Simple Plan ya mwaka 1998, iliyotokana na riwaya ya Scott Smith. Wanaume watatu wanakuta ndege ndogo iliyoanguka katika theluji, na ndani yake dola milioni 4.4. Wanaafikiana kuzificha fedha hizo na kungoja. Hakuna pepo, hakuna kitabu, hakuna mkono unaotembea peke yake. Kuna makubaliano ya mdomo tu, kiapo kisichoandikwa baina ya ndugu wawili na rafiki yao. Kuanzia hapo kila uongo unahitaji uongo mwingine wa kuulinda, na kila uongo unaleta maiti. Billy Bob Thornton, aliyemwigiza Jacob, aliteuliwa kuwania Tuzo ya Oscar, na skripti ya Smith nayo ikateuliwa. Wanaosema kwamba Raimi anajua vitisho vya kelele peke yake sharti waieleze filamu hii, ambamo hofu yote inatokana na watu wa kawaida kutimiza ahadi yao.

Nimeieleza njia hiyo kwa urefu kwa sababu Spider-Man ya mwaka 2002 haieleweki vyema bila hiyo. Mhusika huyo alibuniwa na Stan Lee na Steve Ditko mwaka 1962, na Raimi alikuwa mpenzi wa vitabu hivyo vya katuni tangu utotoni. Filamu yake ilikuwa ya kwanza kuingiza zaidi ya dola milioni 100 katika wikendi ya kwanza ya kuonyeshwa Marekani. Takwimu hiyo imewafanya wengi waitaje kama bidhaa tu. Tuitazame kama kisa. Peter Parker, kijana maskini aliyeumwa na buibui, anapigana mieleka ili apate fedha. Mwandalizi wa mchezo anampunja. Peter anapolalamika kwamba ana shida ya fedha hizo, mwandalizi anamjibu kwa maneno ya dharau, kwamba shida hiyo haimhusu. Mara jambazi anamwibia mwandalizi, na Peter, aliyeweza kumzuia kwa kidole kimoja, anampisha. Mwandalizi anapomlaumu, Peter anamrudishia maneno yale yale. Hadhira hufurahi, jibu limempata aliyestahili. Kisha jambazi yule anakutana na Ben, ami yake Peter, na Ben anauawa.

Wahakiki wa filamu hii hunukuu nasaha za Ben kuhusu uwezo na wajibu. Mimi naona kwamba uzito wa kisa uko katika jibu la Peter. Ni sentensi fupi, ya haki kwa kiasi chake, tamu mdomoni. Hiyo ndiyo inayofanya kazi ambayo sauti ya mtafiti ilifanya katika kibanda cha Tennessee. Tofauti ni kwamba aliyeitamka ndiye anayebaki na deni. Maji yakimwagika hayazoleki, na ujagina wote wa Peter baada ya hapo ni malipo ya deni hilo. Hali kadhalika, filamu za kutisha hazikuachwa nje ya mlango. Katika Spider-Man 2 ya mwaka 2004, madaktari wanajaribu kuikata mikono ya chuma iliyogandamana na mwili wa Octavius. Mikono inaamka yenyewe ndani ya chumba cha upasuaji, kamera inakimbia pamoja nayo, na kucha za muuguzi zinakwaruza sakafu anapoburutwa. Mkono wa Ash umerudi, safari hii katika filamu iliyolengwa kwa familia.

Spider-Man 3 ya mwaka 2007 ni kazi dhaifu. Imesongwa na maadui wengi mno, na Raimi mwenyewe ametangaza baadaye kwamba hakuridhika nayo. Mapema mwaka 2010 mpango wa filamu ya nne ulivunjwa. Lakini ndani ya kazi hiyo dhaifu kuna onyesho linalonisumbua kuliko yote aliyoyapiga. Peter anagundua kwamba aliyemuua Ben ni mtu mwingine, Flint Marko, ambaye alihitaji fedha za kumtibia bintiye. Mwishoni Marko anaeleza jinsi ilivyotokea, na Peter anatamka neno la msamaha. Marko anageuka vumbi na kupeperuka. Kwa mara ya kwanza katika filamu za Raimi, neno linafuta deni badala ya kulianzisha. Swali langu ni hili: Peter ana haki gani ya kusamehe? Aliyeuawa ni Ben. Mjane wake ni May, naye hayupo pale. Je, mrithi anaweza kulifuta deni ambalo mdai wake mkuu amekwisha kuzikwa?

Swali hilo ndilo linalonipeleka kwenye sababu yangu ya kibinafsi. Mnamo mwaka 1976, nikiwa na umri wa miaka kumi na mitatu, niliandamana na marehemu mama mjini kwenye ofisi ya wakopeshaji. Baba alikuwa amefariki akiwa na deni, na shamba lilikuwa rehani. Mama alikuwa amekwenda mara mbili kuomba aongezewe muda. Mara ya tatu alinichukua kwa kuwa barua zilikuwa za Kiingereza. Karani alikuwa kijana, shati lake jeupe, tai imekazwa. Aliisoma barua kwa sauti, kisha akanitazama mimi. Nikaifasiri. Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba mama alilisikia neno la kuuzwa kwa shamba kutoka kinywani mwa mwanawe. Aliinuka, akamwambia karani, "Mwanangu, Mungu anaona," akatoka. Shamba liliuzwa. Tulihamia kwa mjomba, nami nikaendelea na shule kwa hisani yake.

Nimefundisha maapizo kwa miaka mingi, na kila mwaka nimelifikiria lile neno la mama. Kisarufi ni taarifa. Kimuktadha laweza kuwa dua, onyo, au apizo la mtu mstaarabu asiyetaka kulitaja jina la apizo. Lilikuwa na masharti yote: msemaji mwenye haki, msikilizaji aliyehusika, mahali na wakati wa tukio lenyewe. Na lilianza kwa kumwita karani mwana, kana kwamba mama alikuwa akimwombea na kumshtaki kwa pumzi moja.

Mwaka 2009 Raimi alitoa Drag Me to Hell, aliyoiandika pamoja na kakaye Ivan, ambaye ni daktari. Ilitoka wakati ambapo Wamarekani wengi walikuwa wakipoteza nyumba zao kwa sababu ya mikopo. Christine Brown ni afisa wa mikopo katika benki. Anatamani kupandishwa cheo, na msimamizi wake amemdokezea kwamba cheo kinamtaka mtu awezaye kutoa maamuzi magumu. Mbele ya meza yake anaketi Bi. Ganush, mwanamke mzee, akiomba aongezewe muda kwa mara ya tatu. Msimamizi anamwachia Christine uamuzi. Christine anaitazama meza tupu ya cheo anachokitaka, kisha anakataa. Mzee anapiga magoti, walinzi wanaitwa. Usiku, katika maegesho ya magari, Bi. Ganush anang'oa kifungo cha koti la Christine, anakinenea apizo, anamrudishia. Amebakiwa na siku tatu.

Maisha yangu yote nilikuwa nimelitazama tukio la namna hiyo kutoka kwenye kiti cha upande wa mama. Raimi aliiweka kamera upande wa pili wa meza. Nililiona jasho la afisa, nikaisikia hofu yake ya kubaki karani milele, nikamwona msimamizi nyuma ya kioo. Hakuna chochote katika filamu kinachosema kwamba Christine alikuwa sahihi. Lakini hakuna kinachoniruhusu nimchukie. Apizo limekamilisha masharti yake: kuna kosa, kuna mwenye haki. Kilichopotea ni uwiano, kwa sababu adhabu ya kukataa kuongeza muda ni moto wa milele.

Kasoro ya filamu hii iko wazi. Bi. Ganush amechorwa kama mwanamke wa Kiroma mwenye jicho bovu, meno ya bandia na uchawi, picha ya kale ya Ulaya kuhusu jamii iliyonyanyaswa kwa karne nyingi. Mdai mwenye haki amefanywa zimwi, na hadhira inaalikwa imwonee kinyaa kabla ya kumsikiliza. Mama hakuwa hivyo. Alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisani.

Hata hivyo, Raimi analijua jambo moja ambalo wahakiki wengi wamelipita. Christine anajaribu kila njia ya kukwepa: anamwendea mtazama nyota, anatoa kafara, anataka kumpa mtu mwingine kifungo, anafukua kaburi la Bi. Ganush ili amrudishie maiti. Mwisho, akiwa kituo cha treni na kuamini kwamba ameokoka, anamkiria mpenzi wake kwamba angeweza kumwongezea mzee yule muda na hakufanya hivyo, na kwamba uamuzi ulikuwa wake. Ungamo hilo ni la kweli, lakini linamfikia mtu asiyedai chochote. Mdai amekwisha kufa. Dawa ya deni ni kulipa, na hapa hakuna tena wa kulipwa. Dakika chache baadaye inabainika kwamba bahasha aliyoizika haikuwa na kifungo, na ardhi inamchukua. Nikiziweka filamu mbili bega kwa bega, naona kwamba Raimi amelijibu swali la Spider-Man 3 kwa njia mbili zinazopingana. Katika ya mwaka 2007 mrithi anaweza kusamehe. Katika ya mwaka 2009 mdai akishakufa, mlango umefungwa.

Nami nimebaki kati ya majibu hayo. Neno la kumsamehe yule karani naweza kulitamka kwa sehemu yangu, na nimekwisha kulitamka. Kwa sehemu ya mama siwezi. Yeye aliliacha neno lake likiwa na maana tatu, na si kazi ya mwana kumchagulia moja.

Mwaka 2022, baada ya miaka tisa bila kuelekeza filamu ndefu, Raimi alitoa Doctor Strange in the Multiverse of Madness, iliyoingiza zaidi ya dola milioni 950 duniani. Kwa mtu aliyeanza na dola 375,000 za kuchangishwa, masafa ni makubwa. Lakini tazama kilichomo. Kuna kitabu kiovu, Darkhold, kinachomharibu anayekisoma. Wanda anakisoma kwa sababu ya uchungu wa mama asiye na wanawe. Strange naye anakisoma akijua hatari yake, ili aingie ndani ya maiti yake mwenyewe katika ulimwengu mwingine. Maiti inainuka na nyama zake zilizooza, roho za waliolaaniwa zinamjia kumwadhibu, naye anazigeuza kuwa vazi la kurukia. Zimwi la The Evil Dead na jagina wa vitabu vya katuni sasa wanaishi katika mwili mmoja. Wanda, aliyekitumia kitabu kupita wote, ndiye anayekiangamiza. Strange, aliyekisoma kwa nia njema, anatoka na jicho la tatu katika paji la uso. Nia njema haikumwondolea deni.

Mwanafunzi atakayeniletea pendekezo la tasnifu kuhusu kazi hizi nitamkubalia, na nitamtaka afanye mambo matatu. Asiombe radhi kwa kuchagua filamu za umma, kwa sababu ngano nazo zilikuwa za umma kabla hatujazifanya somo. Asiwaongeze wahusika wetu mahali ambapo hawapo, bali atumie zana zetu pale zinaposhika. Na katika kila onyesho ambamo neno zito linatamkwa, aandike orodha ya waliokuwapo: nani alilisema, nani alilisikia, nani alilifasiri, na nani hatimaye aliletewa hesabu yake.